Somo wa Semboja

Panya aliitwa Semboja, kwa sababu mtu ambaye ini lake lilikuzwa ndani ya panya huyo aliitwa Semboja, na katika Nyumba ya Usingizi ya Magamba hapakuwa na panya asiye na jina la mtu. Mwajabu alimtoa kizimbani, akamweka kiganjani, akamfunika kwa kiganja cha pili na kumwacha gizani mpaka moyo wake mdogo ulipopunguza mbio. Panya aliyeshtuka humwaga sukari kwenye damu, na damu ya namna hiyo ni shahidi wa uongo. Wote pale walikubali kwamba Mwajabu ndiye mpimaji mwenye mikono mitulivu kuliko wenzake.

"Tulia, mdogo wangu," alimnong'oneza, kisha akaona haya, maana Daktari Aikande Ulomi, mkuu wa nyumba ile, alikuwa amesimama nyuma yake.

Kanuni ilikataza mtu kumpima somo wa ndugu yake. Lakini mpimaji wa pili alikuwa amekwenda Mlalo kuuguza, na siku ya kipimo ikishapangwa haisogezwi. Daktari akaona bora Mwajabu apime, naye asimame pale amwangalie kila hatua. Hivyo ndivyo dada alivyojikuta amemshika panya wa mdogo wake, huku mdogo mwenyewe amelala chini kabisa, kwenye vyumba baridi vilivyochongwa ndani ya mwamba.

Amelala tangu kiangazi kilipoingia, na kiangazi cha siku hizi si kile cha mababu. Mvua za milimani zilikuwa zimegeuka kama mkwe mwenye maringo: zinaahidi kuja, watu wanafagia uwanja, haziji. Mgao wa chakula ukawa hautoshi watu wote wa nyumba moja, na ndipo ikapitishwa kwamba kila nyumba ilaze mtu mmoja mpaka neema irudi, au mpaka akiba ya mwili wake ipungue. Nyumba ya akina Mwajabu ilikuwa na watu watatu. Mama yao, Bi Mkunde, alikuwa na umri usioruhusiwa kulazwa. Mwajabu alikuwa na kazi. Akabaki Semboja, seremala, mwenye kitambi kilichotaniwa Lushoto nzima, naye hakungoja kuombwa. Siku ya kulazwa alikipiga kofi kitambi chake mbele ya majirani, akasema hatimaye na chenyewe kimepata ajira. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Maana mtu aliyelala hali kitu. Ini lake huyeyusha mafuta ya mwili na kuyageuza ketoni, na hizo ketoni ndizo zinazoulisha ubongo pale sukari inapokosekana. Tabu si kulala. Tabu ni kuamka. Kwa saa zile za kwanza tumbo bado limejifunga, na sukari haiwezi kutiwa kwenye mshipa, kwa kuwa ubongo uliozoea kuikosa huvimba ukiipata ghafla. Hapo katikati mtu hushikiliwa na sindano za ketoni peke yake, na lazima mwili uzipokee na kuzitumia. Usipoweza, zinajaa kwenye damu bila kazi, na ubongo unakufa njaa katikati ya shibe. Mwajabu alikuwa ameliona hilo kwa macho yake. Binti mmoja wa Soni aliamshwa kwa haraka, bila kupimwa sawasawa. Alikufa macho wazi, anamwita mama yake, na mama yake alikuwa pale pale amemshika mkono.

Baada ya binti yule ndipo ikaja kanuni ya somo. Kila mlalaji akatengenezewa panya wake, ini na misuli vimekuzwa kutokana na seli za mwili wake, panya akalazwa naye siku moja na kuamshwa kabla yake. Panya akistahimili ketoni, mwenye jina naye atastahimili. Asipostahimili, mtu anaachwa alale, watu wanaendelea kutafuta njia. Nani alianza kuwaita masomo hakuna aliyekumbuka, ila jina lilishika, na likaja na heshima zake.

Mwajabu alimpima uzito panya, akapiga hesabu ya dawa, na daktari akaipiga yake pembeni. Zilikubaliana. Akamchoma ncha ya mkia kwa kisindano chembamba, akagusisha tone la damu kwenye kipimio. Namba ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia. Panya aliyetoka usingizini na hajala kitu anatakiwa kuanza na ketoni nyingi zaidi ya hizo. Aliitazama namba, akamtazama daktari. Daktari aliikunjia uso kidogo, kisha akasema kwamba watu wanene huwa na maajabu yao. Mwajabu alitaka sana iwe hivyo, naye hakuuliza zaidi.

Akamkamata panya ngozi ya shingo, akamwinamisha kichwa chini ili matumbo yasogee, akapitisha sindano chini ya tumbo upande wa kulia. Panya alijikunja, akanyooka. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kungoja, tone moja la damu kila robo saa. Tone la kwanza baada ya sindano lilionyesha ketoni zimepanda, kama inavyopaswa. La pili zimepanda zaidi. La tatu zilianza kushuka. Kufikia tone la mwisho mstari kwenye kioo cha kipimio ulikuwa umeshuka kama mteremko wa kwenda Mombo, laini, bila kukwama mahali. Panya alikuwa anajisafisha masharubu.

Daktari Aikande, ambaye si mtu wa kukumbatia watu, alimkumbatia. Alisema Semboja ataamshwa kesho, na kwamba Mwajabu aende nyumbani sasa hivi akamwambie mama.

*

Bi Mkunde alikuwa ameshaanza sherehe kabla ya kupewa habari. Godoro la Semboja lilikuwa nje juani, shuka zimefuliwa, na mwenyewe amejifunga kanga kiunoni anafagia chumba ambacho hakikuwa na hata unyasi wa kufagiwa. Mwajabu alipomwambia, aliweka fagio chini, akakaa kizingitini, akafunika uso kwa kanga na kukaa hivyo muda mrefu. Kisha akafunua uso, akasema hakuwa na wasiwasi hata kidogo, uongo ambao bintiye aliupokea kwa heshima.

Walikaa pamoja kizingitini. Mama akawa anapanga: nani aalikwe, nani asialikwe, nani atakuja hata asipoalikwa. Akasema Semboja akikuta randa yake imepata kutu atagomba, kwa hiyo ameipaka mafuta. Akacheka peke yake. Akasema asubuhi ile, alipokwenda kumsalimu somo, alijua tu mambo yatakuwa mazuri.

Kumsalimu somo kulikuwa desturi ya familia, si ya maabara. Walalaji hawakuruhusiwa kuonwa, na mama ambaye hawezi kumwona mwanawe lazima apate pa kuweka macho. Ndugu walianza kuomba wamwone panya walau asubuhi ya kipimo, na daktari, baada ya kukataa na kukataa, alikubali. Walisimama mbele ya kizimba, wakamwita kwa jina, wakamwambia habari za nyumbani. Mwajabu mwenyewe ndiye aliyemwingiza mama asubuhi ile. Alimwambia kama anavyowaambia wote: panya haruhusiwi kula kitu, ana maji tu. Kisha akamwacha hapo kidogo, akaenda kuandaa mizani.

"Ulijuaje, mama?" Mwajabu aliuliza, kwa kutaka tu mama aendelee kuongea.

"Alinilamba kidole," alisema Bi Mkunde. "Nilipitisha kidole pale kwenye wavu, akaja mwenyewe, akalamba mpaka akakimaliza. Nikasema huyu ana hamu ya dunia."

"Akamaliza nini?"

Mama alimtazama kwa jicho la mtu aliyeulizwa jambo la wazi. Alisema alikuwa amebaki na asali kidogo, ile ya kabla nyuki hawajahama, akaiweka tangu siku Semboja alipolazwa. Asubuhi alichovya kidole. Mtu haendi kumwona somo wa mwanawe kavu kavu. Mkono mtupu haulambwi.

"Mama, nilikwambia asile."

"Sikumlisha. Nilimwonjesha tu."

Mama alikuwa ameshainuka kwenda kugeuza godoro upande wa pili, anaimba chinichini, sauti ambayo nyumba ile haikuisikia kwa muda mrefu. Mwajabu alibaki kizingitini na kuona namba ile ndogo ya kabla ya sindano, imekaa mbele ya macho yake kama mdai. Kwa mtu, kidole cha asali si kitu. Kwa panya mwenye uzito wa kijiko cha chai ni karamu. Ini la usingizi likishaonja utamu mara moja huacha kuwa ini la usingizi. Mwili unarudi duniani, unapokea kila unachopewa, na ketoni zinamezwa bila shida, maana mwenye shibe halemewi na kitu. Panya aliyepimwa asubuhi ile hakuwa somo wa mtu aliyelala. Alikuwa panya aliyekula asali. Na hakuna kumrudia, kwa kuwa kilichoamka hakilali tena.

Semboja alikuwa hajapimwa. Kesho wangemwamsha hivyo hivyo.

Angeweza kunyamaza, na tusimhukumu kwa kuliwaza. Huenda mdogo wake angeamka salama; wengi waliamka salama kabla ya kanuni. Angekaa kizingitini hapo, angegomba kuhusu randa. Na huenda angefumbua macho akamwita mama, na mama angekuwa amemshika mkono. Akisema, Semboja ataendelea kulala mpaka apatikane panya mwingine, na mafuta ya mwili si kisima. Na akisema kilichotokea, mama atajua ni kidole chake. Mwajabu alimtazama yule mwanamke anapigapiga godoro kutoa vumbi, akaona kwamba jambo hilo la tatu hataliweza.

Aliaga kwamba kuna kitu amesahau kazini. Mama alimwambia asichelewe, chakula kinaiva.

*

Daktari Aikande alikuwa anaandaa karatasi za kuamsha. Mwajabu alimwamkia, "Shikamoo, Daktari," akasimama, hakukaa. Alisema amekosea. Alisema alipunguza dawa kwenye sindano ya asubuhi, panya alipata kidogo, ndiyo sababu zilishuka vizuri vile, na kipimo kifutwe.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Nilikuona ukivuta dawa. Nilipiga hesabu yangu mwenyewe. Hukukosea."

"Nimekosea, Daktari. Andika hivyo."

Daktari aligeukia kioo, akaurudisha ule mstari mpaka mwanzo wake, kwenye tone la kabla ya sindano, akaukazia macho. Mwajabu aliona mabega ya mwanamke yule yanashuka. Hakuwa mjinga, na asubuhi alikuwa amepishana na Bi Mkunde mlangoni, wakasalimiana.

"Alipewa nini?" aliuliza taratibu.

"Asali."

Hakuuliza na nani. Alisema tu kwamba aliyeruhusu ndugu kuingia mle ni yeye, na kwamba namba ile aliiona na yeye pia, akaitafutia maneno. Kisha akaeleza mambo ambayo wote wawili waliyajua, pengine kwa sababu kuyaeleza kulimpa kitu cha kufanya. Kumkuza panya mwingine kungechukua mpaka vuli ipite. Picha za mwili wa Semboja zilionyesha mafuta yangefika huko kwa shida sana, au yasifike. Kumlisha usingizini kungemwamsha nusu, na nusu ni mbaya kuliko yote. Mafuta yakiisha, moyo unasimama wenyewe, polepole, bila maumivu.

Kisha akafanya jambo ambalo Mwajabu hakulitegemea. Alizifunika karatasi kwa kiganja.

"Sikiliza," alisema. "Ukitoka sasa hivi ukaenda nyumbani, mimi sijasikia kitu. Kesho ninamwamsha. Inaweza ikawa salama."

"Hiyo 'inaweza' ni kiasi gani, Daktari?"

"Sijui. Nusu kwa nusu. Mungu anajua."

Mwajabu alishika ukingo wa meza. Laiti daktari angemkataza, angeweza kugombana naye. Alitamani kweli kweli, kwa mwili wote, kugeuka na kutoka. Badala yake alimwona yule binti wa Soni, na kabla hajamfukuza, uso ukabadilika ukawa wa Semboja, na mkono uliomshika ukawa mkono wenye kidole kile.

"Akifa kesho," alisema, "atafia mkononi mwa mama. Na mama atatafuta sababu, na mwisho ataipata. Akifa usingizini, atakuwa amelala tu. Sindano nilipunguza mimi, Daktari. Andika."

"Nikiandika hivyo, hufanyi kazi tena hapa. Wala kwingine kwenye panya."

"Najua."

Daktari Aikande aliandika. Mwandiko wake, uliozoea kuwa mkubwa na wa haraka, ulitoka mdogo kama wa mtoto wa shule. Alipomaliza alikaa na kalamu mkononi, analia bila kujificha, na Mwajabu akawa ndiye wa kumbembeleza.

*

Bi Mkunde aliambiwa jioni hiyo hiyo, jua halijazama. Mwajabu alimwambia kwa maneno machache, kwamba alipima vibaya, kwamba ni kosa lake, kwamba Semboja hataamshwa kwa sasa. Mama hakupiga kelele. Aliuliza kama bintiye alikuwa amelala vizuri usiku uliotangulia. Akauliza kama alikuwa na mawazo. Akawa anamtafutia udhuru, mmoja baada ya mwingine, na Mwajabu akaukataa kila mmoja, kwa sababu kila udhuru ungeweza kuzaa swali.

"Kwa hiyo mikono yako tu," mama alisema mwishoni. "Watu wote wanasifu mikono yako, na siku ya mdogo wako ndiyo ikakosea."

"Ndiyo, mama."

Akaingiza godoro ndani. Tangu hapo alizungumza na Mwajabu mambo ya nyumba tu: maji, kuni, mgao. Chakula alimwekea, na alikifunika vizuri, ila hakukaa naye kukila. Mwajabu alipata kibarua cha kumwagilia vitalu vya miche ya serikali. Baadhi ya jioni alipanda mpaka karibu na Nyumba ya Usingizi, akasimama nje ya uzio na kutazama ukuta, kisha akashuka. Daktari alimtumia habari kila zilipokuwepo. Panya mpya alikuwa amezaliwa. Panya mpya alikuwa anakua. Mafuta ya Semboja yalikuwa yanapungua, lakini kidogo kidogo. Palikuwa na wiki ambazo Mwajabu aliamini kabisa.

Vuli ilikuwa haijanyesha vizuri moyo uliposimama. Panya alikuwa bado mdogo mno kulazwa.

Walimshusha Semboja kijijini asubuhi, wakamzika baada ya adhuhuri. Wanaume waliobeba jeneza walirudi wanasema kwa sauti za chini kwamba hawakuhisi uzito, na mmoja wao, seremala mwenziwe, alikaa nyuma ya nyumba akashindwa kuja kula. Wanawake walijaa ndani juu ya majamvi. Mwajabu alikuwa anapita na birika, maana mwenye kosa hujipa kazi, na kazi humwepusha na macho. Lakini macho yalimfuata. Magamba yote ilikuwa inajua ni sindano ya nani.

Jirani mmoja alimpa pole Bi Mkunde, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Bi Mkunde alikubali. Alisema Mungu hakumkosea kitu. Alisema lipo jambo moja linalomshikilia, na bila hilo asingekuwa anakaa wima pale.

"Siku ile nilimpa asali somo wake," alisema. "Kwa kidole changu. Alilamba yote. Yule ni ini la mwanangu, ni damu yake, kwa hiyo najua Semboja hakuondoka bila kuonja kitu cha mama yake. Hilo hakuna wa kuninyang'anya."

Wanawake wakaitikia, wakasema amefanya vyema, mama ni mama. Mwajabu alikuwa ameinama mbele yake na kikombe. Bi Mkunde hakukipokea. Alimtazama bintiye usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na machoni mwake hamkuwa na ukali tena, ila uchovu.

"Mimi angalau nilimpa hicho," alisema. "Wewe, Mwajabu, ulimpa nini mdogo wako?"

Mmoja wa wale wanawake alimshika Bi Mkunde bega, kumwomba aache.

"Sikumpa kitu, mama," alisema Mwajabu.

Akaweka kikombe pale chini, karibu na mkono wa mama ili akitaka asihangaike kukifikia, akainuka kwenda kuchemsha chai nyingine, kwa kuwa wageni wa Mlalo walikuwa ndio kwanza wanaingia.